Wageni wa Meli kwa Shangazi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila mwenye basi dogo alijiita kampuni ya utalii. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, nimepanga chumba Bulyaga, mjini Tukuyu, na kijana mmoja wa kampuni kutoka Dar alinifuata shuleni akaniomba nimtafsirie kwa siku moja. Kulikuwa na Wazungu wanakuja kwa meli ziwani. Wangeshuka bandarini Itungi asubuhi, watembezwe Rungwe nzima, na saa kumi na moja jioni wawe wamerudi melini.

Niliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, nikafunga mlango kwa kufuli. Kijana alinivalisha kofia nyekundu yenye jina la kampuni ili wageni wasinipoteze.

Walikuwa kumi na wanne, wengi wazee. Tulikimbia nao kama tunafukuzwa. Kwenye mashamba ya chai walipewa dakika ishirini, wakachuma majani wakanusa. Kyimo tukakata kushoto kwenda Daraja la Mungu, wakapiga picha mto unaopita chini ya jiwe. Mvua ikatunyeshea, ikakatika, ikanyesha tena. Sokoni Tukuyu mama mmoja wa Kiingereza, mwembamba, nywele nyeupe, alinunua mkungu mzima wa ndizi kisha hakujua aupeleke wapi. Tulicheka sana. Nakumbuka kicheko kile kwa aibu mpaka leo, ingawa sikuwa na kosa.

Kituo cha mwisho kilikuwa ziwa la Masoko. Tulipofika upande wa Masukulu tukasikia ngoma, na watu wengi wakiteremka kwenye kijia kati ya migomba.

“Dada, wanauliza ni harusi?” kijana akaniuliza.

“Ni msiba,” nikasema. “Huku kwetu msiba una ngoma.”

Nilipowaeleza, macho yao yaling'aa. Kijana akatazama saa. “Dakika kumi tu. Wataipenda hii kuliko ziwa.”

Nilisitasita, lakini sikukataa. Nilikijua kijia kile vizuri, kinakwenda kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Nilidhani amefariki jirani yake, mzee aliyekuwa akiugua muda mrefu. Nikawaza nitapita nimsalimu shangazi, nimwonyeshe wageni wangu, naye atanicheka na kofia yangu. Jumamosi iliyopita tu alikuwa kwangu Bulyaga, ameniletea maharage mabichi, akanigombeza kwa kukonda.

Tukashuka kwa mstari, mimi mbele. Kamera zilianza kulia nyuma yangu kabla hatujafika uani. Wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya nyumba. Nyumba ya shangazi. Bado sikuelewa. Nilijiambia labda wameazima uwanja.

Mama mmoja wa makamo, jirani aliyekuwa akilima na shangazi, aliinuka akaja kunipokea. Aliitazama kofia yangu, akawatazama Wazungu, akashika kichwa.

“Mwanangu,” alisema, “umekuja na watalii kumzika shangazi yako?”

Yule mama wa Kiingereza alikuwa begani kwangu. Akauliza amesema nini. Nami, kwa kuwa tangu asubuhi kila nililolisikia nililigeuza, nililigeuza na hilo. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya kuelezea chai na daraja: anasema nimekuja na watalii kumzika shangazi yangu.

Niliyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, ndipo nikayaelewa.

Sikulia. Nikawa naona tu midomo ya watu ikitikisika. Mama wa Kiingereza aliivua kamera shingoni, akawageukia wenzake akasema kitu kikali, kamera zote zikashuka. Kisha akaketi chini kwenye tope pamoja na wanawake, na suruali yake nyeupe.

Jirani akanieleza. Shangazi alikuwa shambani jana jioni, akaanguka akikata ndizi, hakuamka. Alfajiri walimtuma mtu Bulyaga kuniita, akakuta kufuli.

Kijana alinivuta pembeni. “Dada, pole sana. Lakini meli haitusubiri. Nani atawatafsiria?”

Nilimvalisha kofia yake kichwani, nikaingia ndani.

Nilimkuta shangazi amefunikwa kitenge chake kizuri. Nikamgusa mguu. Ulikuwa wa baridi, na bado ulikuwa na udongo kidogo kwenye ufa wa kisigino. Hapo ndipo nililia. Nilipotoka, basi lilikuwa limeshaondoka.

Kaka yangu, mtoto wa shangazi, hakunisalimu siku ile wala mazishini. Aliamini nilijua, nikawauzia wageni msiba wa mama yake. Nilimweleza mara mbili, akaniacha nikizungumza peke yangu. Ilipita masika nzima. Siku moja akaja Bulyaga, akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akasema, “Nimezungumza na yule aliyekuta kufuli.”

“Ndaga,” nikamjibu, asante ya kwetu.

Nikaenda kumpikia. Alikula akamaliza, akaomba kuongezewa.