Kidole Gumba cha Bi Washa

Taarifa ipo. Imechapwa vizuri, ina jalada la plastiki, na inasema kwamba mashine mpya ya gemu ilikosa soko katika mji huu kwa sababu wakazi wake "bado hawajazoea kucheza". Hawajazoea! Mji ambao mtoto akitumwa chumvi, mama yake anapika bila chumvi, kwa kuwa njiani kuna kibanda cha gemu na aliyeshinda habanduki. Mji ambao kinyozi anakuacha na nusu ya kichwa akamalizie mechi. Kama aliyeandika taarifa ile angemuuliza Bi Washa, angejibiwa. Angejibiwa kwa ukali, lakini angejibiwa kweli. Na ubaya wenyewe ni kwamba alijibiwa.

Bi Washa ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Anauza vyombo vya umeme katika duka lililo chini ya jengo la ghorofa nne, mkabala na benki. Kaunta yake anaijua kama kitanda chake, kwani ana miaka kumi na sita nyuma yake. Ina ubao wenye soketi sita, kisu kidogo cha kukatia utepe wa maboksi, na daftari kubwa la majaribio.

Katika duka lile hakuna mtu anayeondoka na kitu asichokiona kikifanya kazi. Ukichagua pasi, Bi Washa anakata utepe, anachomeka, anangoja ipate moto, kisha anakwambia usogeze kiganja. Feni lazima izunguke. Redio lazima iseme. Balbu zinajaribiwa moja moja, hata uwe na haraka ya kwenda harusini. "Washa tuone," ndiyo kauli yake, ikamganda mpaka ikawa jina. Ukisharidhika, unaandika kwenye daftari: tarehe, kitu ulichonunua, "nimekiona kinafanya kazi", jina lako na sahihi. Hapo ndipo unalipa.

Haya hakuyatunga yeye. Baba yake alikuwa fundi redio, na siku moja, kwa sababu alikuwa na haraka, alimpa mteja redio bila kuijaribu. Mteja alikuwa mzee wa kutoka mbali. Kesho yake alirudi kwa miguu, redio kichwani, akaitua mezani, akaketi. Hakugomba. Alikaa tu anamtazama baba yake Bi Washa mpaka redio ikaimba, akaibeba, akaenda zake. Baba mtu hakula siku ile. Binti yake alikuwa na miaka tisa, na aliiona aibu ile kwa macho yake.

Sasa ikaja hiyo mashine ya gemu, kutoka nchi ya mbali, maboksi sitini. Wafanyakazi wa duka walikalishwa nusu siku mbele ya skrini wakafundishwa kuiuza. Walifundishwa fulana ya kuvaa, namna ya kutabasamu, na kwamba lebo zote zitazame mlangoni. Kuhusu kuwasha, hakuna aliyegusia hata neno. Huko zilikotengenezwa, mtu hununua boksi likiwa limefungwa, akalibeba hivyo hivyo, akalifungue peke yake chumbani mwake. Wakadhani ulimwengu mzima una chumba cha peke yake.

Siku ya kwanza muziki ulipigwa mlangoni na foleni ikafika kwenye ngazi za benki. Bi Washa alikata utepe, akachomeka, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa kidole gumba. Yakatokea maandishi kwa lugha nane, ya kwetu haikuwemo. Akabonyeza palipoandikwa kwa kijani, kama tunavyobonyeza sote, na nani aseme yeye husoma? Gari likakimbia kwenye skrini, mteja akacheka, akaandika kwenye daftari, akalipa. Haya, mwingine. Kufikia saa za kufunga zilikuwa zimekwenda mashine kumi na tisa, na mwenye duka alikuwa akitembea anapiga mluzi.

Asubuhi yake mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole anayefundisha sekondari ya jirani. Alikuwa amebeba mashine yake imefungwa kwenye shuka.

"Bi Washa, shikamoo. Hiki chombo kinanikataa."

"Marahaba, mwalimu. Kinakukataaje? Si tulikiwasha hapa ukakiona?"

"Nilikiona. Nimefika nyumbani, watoto wamejipanga kama wanapiga picha, nabonyeza, kinaniambia kinamtaka mwenyewe. Mwenyewe ni nani kama si mimi?"

Bi Washa akachomeka, akabonyeza. Mashine ikawaka palepale, ikamkaribisha. Mwalimu akabonyeza, ikazima. Walirudia mara nne. Ya tano, Bi Washa alivua miwani akaketi kwenye boksi la jiko, maana alikuwa ameelewa. Kile kitufe kilikuwa kinasoma kidole. Kidole cha kwanza kukigusa ndicho mwenye mashine, na hakuna kingine tena. Mashine kumi na tisa zilizotawanyika mjini zilikuwa zinamjua mtu mmoja tu duniani, naye ni yeye.

Aliandika barua kwa kampuni siku hiyo hiyo, mwenye duka akaituma. Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Muuzaji amevunja masharti kwa kufungua boksi ambalo halijanunuliwa, na kampuni haihusiki. Basi. Hata pole hawakuandika.

Wiki zile Bi Washa alikuwa mtumwa wa kidole chake. Akitoka kazini alipitia nyumba mbili tatu kuwasha mashine za watu, na zikizimika, umeme ukikatika kidogo tu, zinamtaka tena. Jumapili walimfuata nyumbani. Mume wake, fundi cherehani, mtu wa masihara, alimpokea mlangoni akiinama.

"Karibu tajiri. Mke wangu una mali nyumba kumi na tisa, na mimi bado nashonea kwenye cherehani ya mguu."

"Nyamaza, baba watoto, nisije nikakutia kidole hicho jichoni."

Mume alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu mkewe alikuwa analia kwa hasira. Siku ile kinyozi wa mtaa wa pili, aliyenunua mashine ili wateja wake wacheze wakingoja, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba Bi Washa ni mjanja, amejiandikishia mali za wenzake. Miaka kumi na sita hakuna aliyerudisha hata balbu, na leo anaitwa mwizi! Mimi ningemmwagia kinyozi yule maji ya kunyolea. Bi Washa aliiwasha mashine ya kinyozi, akaaga, akaondoka.

Maboksi arobaini na moja yalibaki rafuni. Bi Washa sasa hakuthubutu kuyagusa, na wateja hawakuthubutu kuyanunua.

"Niwashie nione, mama," mteja anasema.

"Hii haiwashwi dukani."

"Haiwashwi? Basi nanunua mashine au nanunua boksi?"

Na anaondoka, na ana haki. Hiyo ndiyo sababu yote, wala haihitaji jalada la plastiki. Ukiifungua umeiharibu, usipoifungua hainunuliwi. Mtu mwenye akili timamu angekuja, angesimama kaunta nusu saa, angeliona jambo hili kwa macho yake. Kampuni ilituma fomu ya maswali. Swali la tatu liliuliza: je, watu wa eneo lako hupenda burudani?

Mwezi wa tatu tangu maboksi yafike, walimtuma mjumbe. Alikuwa kijana wa hapa hapa, kazaliwa mji huu, kaajiriwa na kampuni ile, shati limenyooka na viatu havina vumbi. Bi Washa aliitwa juu, ofisini kwa mwenye duka. Moyo wake ulichangamka ngazi nzima. Alijua sasa amepata mtu wa kuelewa.

"Mama, kaa," mjumbe alisema, akasogeza karatasi moja mezani. "Tuyamalize haya. Kampuni iko tayari kuzifungua zile mashine kumi na tisa. Ni kazi ya dakika chache kwao huko. Ila wanataka usaini hapa."

Bi Washa alivaa miwani akasoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, kwa uzembe wake na bila idhini, aliharibu bidhaa kumi na tisa, na kwamba mauzo yaliporomoka kwa sababu hiyo. Chini ilisema duka litachukua hatua zinazofaa.

"Hatua zinazofaa ndiyo nini?"

Mwenye duka alikuwa anaangalia kalenda ukutani. "Bi Washa, unajua tena. Hawatakubali kuona bado uko kaunta. Lakini tutakuangalia, hatutakuacha hivi hivi."

"Bosi, kule kujaribu ulikubali wewe. Ubao wa soketi ulinunua wewe."

"Saini tu, Bi Washa, yaishe. Fikiria hao wateja."

"Nisiposaini?"

"Zitabaki zimefungwa," alisema mjumbe. "Mimi natumwa tu, mama. Naondoka saa nane."

Alishuka ngazi na karatasi mkononi, na damu ilikuwa inamchemka mpaka masikioni. Kazi angeweza kuiacha. Kisichomezeka kilikuwa lile neno uzembe. Yeye, mzembe! Yeye anayejaribu balbu moja moja! Kama angesaini, mwalimu na watoto wake wangecheza jioni ile ile, na yeye angekuwa yule mwanamke aliyeharibu vitu vya watu, kwa maandishi na kwa sahihi yake. Kama asingesaini, kumi na tisa wale wangeendelea kukingoja kidole chake. Walikuwa wamemkamata kwa heshima yake mwenyewe, nao walijua. Aliiweka karatasi juu ya daftari la majaribio, akachukua kalamu, akaitazama nafasi ya sahihi. Akamwona mwalimu, watoto wamejipanga. Alikuwa anasaini, sikufichi. Herufi ya kwanza alikuwa ameianza.

"Mama, samahani." Alikuwa mjumbe, kashuka, begi begani. "Mna chaja ya simu? Yangu imekufa, na nina safari."

Biashara ni biashara. Alisukuma karatasi kando, akashusha chaja iliyo kwenye boksi lake dogo, utepe haujakatwa, akaiweka kaunta. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita hakugusa kisu.

Mjumbe aliigeuza huku na huku. Akaingiza mkono mfukoni. Akasita.

"Nijaribie basi, mama. Nisije nikafika huko nikakuta haifanyi kazi."

Duka zima lilikuwa na kelele zake, feni mbili zinazunguka na mtu anabishana kuhusu jiko, lakini Bi Washa anasema hakusikia kitu kingine. Alichukua kisu, akakata utepe, akachomeka, akapokea simu ya mjumbe, akaiunganisha. Ikalia kidogo, taa ikawaka.

"Umeona?"

"Nimeona. Asante, mama."

"Andika hapo."

Alimfungulia daftari, si ukurasa wa siku ile, ila ule wa siku ya kwanza ya mashine, uliobakiwa na mstari mmoja chini. Mjumbe alishika kalamu akaanza kuandika tarehe. Mkono ukapunguza mwendo. Juu ya mstari wake kulikuwa na majina kumi na tisa, mwalimu wa hesabu wa kwanza, kinyozi wa sita, na mbele ya kila jina maneno yale yale: nimekiona kinafanya kazi.

"Maliza," alisema Bi Washa, na sauti ilikuwa imempanda, watu wakageuka. "Andika kama walivyoandika wenzako. Umezaliwa hapa, umenyonya hapa, boksi la chaja tu hukulinunua bila kuwashiwa, halafu mimi ni mzembe? Wao hawakujua, sawa, wako mbali. Wewe ulijua! Ulijua siku yanapangwa maboksi, ulijua unaiandika karatasi hii, ulijua ukanisukumia nisaini!"

"Mama, mimi natumwa..."

"Saini, mwanangu. Au na kalamu nayo nikujaribie?"

Alisaini. Bi Washa alichukua ile karatasi ya kukiri kosa, yenye herufi yake moja, akailaza karibu na daftari.

"Na wewe umefunguliwa boksi kabla ya kulinunua. Hapa sasa wakosaji ni wawili. Tusaini wote au asisaini mtu."

Mjumbe aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akalipa, akatoka bila kuaga. Mwenye duka, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi muda wote ule, alirudi juu polepole.

Baada ya siku sita mashine kumi na tisa zilifunguka, moja baada ya nyingine, bila barua wala simu. Kinyozi alimletea Bi Washa soda, akaiweka kaunta akiangalia pembeni. Maboksi arobaini na moja yalipakiwa kwenye gari yakarudi yalikotoka. Yeye hajahamishwa kaunta, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Taarifa ilifuata baadaye, nakala ikaletwa dukani, hiyo yenye jalada, hiyo inayosema hatujazoea kucheza. Kurasa ishirini na mbili, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba huku vitu huwashwa kabla ya kununuliwa. Chini kabisa kuna sahihi ya mwandishi. Bi Washa aliilinganisha na ile ya mjumbe, ya mstari wa ishirini kwenye daftari lake, zikafanana kona kwa kona.