Kinywa Ndani ya Kokoto

Kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa niaba ya samaki wote waliotutangulia mbele ya haki, umma unatangaziwa kwamba fundi Chonge, mtengeneza meno bandia wa mtaani kwetu, jana alisimamisha ujenzi wa jiko la mama mkwe wake kwa kupigia magoti rundo la kokoto.

Chonge ana miaka ishirini na sita kwenye kazi hiyo. Mkikutana anasalimia mdomo wako kwanza, wewe baadaye. Kwa hiyo shemeji yake alipoinua koleo kuelekea mashine ya zege, jicho la fundi lilinasa kitu cheusi cha pembe tatu, kipana kama kiganja.

"Zima mashine."

"Kuna nini, shem?"

"Jino hilo. Pitisha kidole ukingoni, msumeno mtupu."

"La mbwa?"

"Mbwa gani huyo? Angekula nyumba na mwenye nyumba."

Mama mkwe akatoka. "Baba, miezi minne napika uani. Leo zege linamwagwa, au namwambia binti yangu akumwage wewe."

"Nipe hadi saa kumi, mama."

"Saa nane."

Basi Chonge akapiga magoti, akachambua kokoto kwa mikono miwili kama anayetafuta pete ya ndoa. Likatoka la pili. La tano. La kumi na tisa! Akayasugua kwa mswaki, akayapanga kwenye nta yake ya kazi kama meno ya mteja, ya juu juu, ya chini chini. Hayakulingana hata kidogo. Akazidi kuchimbua, jasho likimtiririka, akitafuta yanayolingana.

Mhadhiri wa elimu ya miamba, ambaye Chonge alikuwa amempigia simu, akafika akihema. Alipoona ile nta, akacheka hadi miwani ikadondoka.

"Fundi, kokoto hizi zilikuwa sakafu ya bahari ya kale, nawe umewapa papa ishirini kinywa kimoja. Papa hung'oka meno maisha yake yote, na mengine huota. Mifupa yake ni laini kama sikio lako, huoza. Jino ndilo hubaki."

"Huota bure?"

"Bure."

Chonge akaguna kama mtu aliyetukanwa kazini.

Mhadhiri akashika jino kwa mikono miwili. "Ukoo huu uliogelea kabla dunia haijaota mti hata mmoja. Mbele ya ukale huo, fundi, una neno gani?"

Chonge akatazama saa, kisha akamtazama mama mkwe mlangoni.

"Shika koleo tuyatafute, mwalimu. Zimebaki dakika ishirini."