Vikombe vya Katibu

Katibu hakuwa katibu wa chama chochote. Jina alibandikwa mwaka wa kwanza wa chuo, kwa sababu hosteli nzima ya wasichana ilipita chumbani kwake na swali moja: "Nimwambieje?" Nimwambieje baba, nimefeli takwimu. Nimwambieje huyu kaka, ananiganda kama kupe. Unaingia na kikombe chako, unajitupa kitandani, birika linachemka, umbea unatangulia, na ushauri unakuja mwishoni, muda ukibaki.

Mwaka wa tatu, simu zikajua kujibu. Swali lile lile likawa linaulizwa kimya kimya, kila mtu chini ya shuka lake, na mashine inajibu papo hapo, haicheki, haimalizi sukari ya mtu. Vikombe vikabaki yatima dirishani kwa Katibu, kimoja bado kina rangi ya mdomo. Alijisifu kwamba sasa anapata utulivu wa kusoma. Uongo mtupu. Alikuwa anakonda kwa kukosa umbea.

"Si uwaite?" mama yake alimwambia kwenye simu.

"Nikawaambieje, mama?"

Mama akacheka mpaka akapaliwa.

Ndipo Daktari na Mrefu wa chumba cha jirani wakagombana. Daktari alikuwa anasomea udaktari na hajawahi kumdunga mtu sindano. Mrefu alikuwa mfupi. Daktari aliazima sketi ya Mrefu, akaipiga pasi huku anaongea na mtu kwenye simu, pasi ikala kitambaa mahali pa kukalia. Tangu hapo wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana.

Jioni moja Daktari akabisha kwa Katibu. "Shoga, nimemwomba radhi, naye kanijibu vizuri, na bado tumenuniana. Hebu soma."

Katibu akapokea simu. Daktari aliandikiwa na mashine: "Natambua hisia zako na ninathamini safari yetu ya pamoja." Mrefu alijibu, naye kwa mashine: "Asante kwa uwazi wako. Tuitazame changamoto hii kama fursa ya kukua."

"Sketi iko wapi humu?"

"Sketi gani?"

"Uliyoiunguza, mama! Unamwandikia mwenzako au balozi?" Katibu akatoa kichwa nje. "Mrefu! Njoo na sketi!"

Mrefu akaja nayo, kaikunja kama ushahidi wa mahakamani. Kumwona Daktari, akageuka. Katibu akaziba mlango. "Simu mezani, nyote. Haya, semeni."

Mrefu akalipuka: "Nilikuwa niivae harusi ya dada yangu!"

"Si ungesema!"

"Nimwambie nani, na wewe umeniletea hotuba?"

"Na wewe ukanijibu kama benki!"

Mrefu akaivaa sketi juu ya suruali, akawapa mgongo. "Tazama! Nitainamaje mbele ya wakwe?"

Daktari alijikaza, akashindwa, akaangua kicheko. Mrefu akamtandika na mto, kisha naye akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Nisamehe, mwenzangu. Umbea ulinikolea, pasi nikaisahau."

"Umbea wa nani?"

Koridoni milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Kichwa kikachungulia: "Katibu, kikombe changu bado kipo?"

Katibu alishaweka birika. Asubuhi hiyo mashine ilimsaidia kuandika insha yake, na hakuwa na ugomvi nayo.

"Ingieni, ila sukari kila mtu aje na yake," akasema. "Haya Daktari, anza mwanzo. Nani huyo?"