Shingo ya Fundi, Inchi Kumi na Nne na Nusu

Mume wangu ni fundi cherehani, na haamini kitu ambacho hakijapita kwenye futi yake. Aliirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi, na haimtoki shingoni ila anapooga.

Miaka miwili iliyopita ilimbidi aivue siku tatu, alipotolewa tezi ya shingo iliyokuwa na saratani. Daktari alimwambia wazi: kila siku kidonge, na kila miezi sita arudi kupimwa damu na kupigwa altrasaundi ya shingo, maana ugonjwa huu hurudi kimyakimya. Mara ya kwanza alikwenda. Mara ya pili alikaa kwenye benchi hadi adhuhuri, akarudi nyumbani amenuna kabla hajaitwa.

"Mama watoto, nitajipima mwenyewe. Nimepima shingo za watu miaka thelathini. Wao wamepima ngapi?"

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya chai, alisimama mbele ya kioo cha wateja, akajizungushia futi na kutangaza kama mtu wa redio: "Kumi na nne na nusu! Haijaongezeka hata uzi!" Nikamwambia kinyozi hajinyoi. Akanijibu kwamba yeye si kinyozi. Kucheka nilicheka, lakini nilikuwa naogopa, na mwaka mzima sikumwambia.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu akarudisha shati. Yeye vipimo vyake huvituma kwa simu, na kola ni kumi na tano na nusu miaka yote. Safari hii ilimpwaya.

"Fundi, humu tunaingia mimi na naibu wangu."

"Umekonda, mwalimu."

"Nimekonda shingo peke yake?" Tumbo lake lilikuwa pale mbele yetu, shahidi tosha.

Ugomvi ulipopamba moto, nikachukua rula ya binti yetu nikailaza juu ya futi. Rula ilipofika kumi na mbili, futi ilikuwa bado iko njiani. Ilikuwa imevutwa miaka na miaka mpaka ikarefuka. Mwalimu akapiga hesabu papo hapo: kwenye shingo ya mtu, karibu nusu inchi inafichwa.

Mume wangu akaishika shingo yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

Wiki mbili baadaye daktari alitusomea majibu. Ile nusu inchi ni unene tu, alisema, mzee ameshiba. Fundi akaanza kunitazama kwa ushindi. Daktari akafunua karatasi ya pili: kipimo cha damu kimepanda, na ubavuni mwa shingo kuna kitezi cha milimita nane. Kitachomwa sindano kichunguzwe, na huenda akapasuliwa tena.

"Hiyo ni inchi ngapi?"

"Haifiki hata theluthi."

"Basi futi isingekiona."

"Hata ingekuwa mpya, mzee."

Usiku sikulala, nikaishonea kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa shati lake, kwa mkono wangu usiojua kushona. Mume wangu hajawahi kuuacha mshono wangu hata mmoja. Huufumua huku akinicheka. Asubuhi alilivaa lile shati, akaupapasa mfuko, akauona mshono ulivyopinda. Hakuufumua.