Pima-Tena na Shujaa Asiyejibu

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishi. Mtaa mzima unamwita Pima-Tena, na yeye anaitika bila kinyongo. Ni fundi cherehani, ana miaka hamsini na mitatu, na katika miaka thelathini ya kushona hajawahi kuharibu kitambaa cha mtu hata kimoja. Siri yake ni kwamba hagusi mkasi mpaka apime mara tatu. Anakupima, anaandika, anakupima tena, anaandika, na ukishashika kitasa cha mlango uende zako unasikia sauti nyuma yako: "Hebu rudi kidogo, nipime tena." Bwana harusi mmoja alipimwa mabega mara nne, akauliza kama anashonewa suti au anatengenezewa jeneza. Pima-Tena alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, kisha akampima mara ya tano.

Tabia hiyo ilimletea wateja, sikatai. Nguo yake ukiivaa unajiona umezaliwa nayo. Shida ni kwamba tabia yenyewe haikukubali kubaki dukani. Sufuria moja alikuwa akiizungukia wiki mbili ndipo ainunue. Mapazia ya sebuleni aliyafikiria muda mrefu kiasi kwamba binti yake alimaliza chuo cha uuguzi, akaajiriwa, akapokea mshahara, akanunua mapazia mwenyewe na kuyatundika mama akiwa bado anajiuliza kama bluu haitachosha macho.

Huyo binti ndiye aliyeleta gemu nyumbani. Anafanya kazi wodi ya watoto, na akipata Jumapili isiyo na zamu hataki kumwona mgonjwa wala jamaa wa mgonjwa. Anataka kochi lake, karanga zake na runinga. Jumapili moja mchana, nguo zimeshaanikwa, akamvuta mama yake mkono akamkalisha.

"Hii si ya kupigana pigana, mama. Ni hadithi. Wewe ndiye unayeamua iende wapi."

Basi kulikuwa na shujaa, mwanamume mwenye suti ya bluu iliyombana kila mahali, anayeweza kuinua basi kwa mkono mmoja na kupaa juu ya maghorofa. Ila muda mwingi hapai. Muda mwingi anaongea na watu, kama sisi wengine. Mtu anamuuliza jambo, majibu matatu yanatokea chini ya kioo cha runinga, na kijistari chekundu kinaanza kufupika. Kabla hakijaisha uwe umechagua. Maandishi yalikuwa ya kigeni, kwa hiyo binti alishika kidude cha kubonyezea, akasoma na kutafsiri, na mama akawa ndiye mwenye uamuzi.

Mungu wangu, uamuzi gani. Meya anamuuliza shujaa kama yuko tayari kufanya kazi na polisi.

"Nisomee tena lile la pili," Pima-Tena anasema.

Binti anasoma.

"Na huyu meya, ni mtu mzuri? Ana familia?"

Kijistari kimekwisha. Shujaa kasimama kama mlingoti, meya kakunja uso, hadithi inasonga mbele. Kwa sababu gemu yenyewe, ikikuuliza usipojibu, haikungojei. Inakuchukulia kuwa umenyamaza na inaendelea na maisha yake. Kufikia mwisho wa sura ya kwanza shujaa wa Pima-Tena alikuwa ameulizwa maswali kumi na tisa na kujibu mawili, na mojawapo binti alibonyeza kwa bahati mbaya. Mji mzima ulimwona ana maringo.

Na si kwamba mama alikuwa hafuatilii. Alifuatilia kupita kiasi. "Mwangalie kwapani," alisema shujaa alipochanika suti kwa mara ya tatu. "Mtu anapaa, mikono juu kutwa nzima, halafu unamwekea mshono mmoja. Nani alimshonea huyu?"

"Mama, jengo linaanguka."

"Nimeliona. Nauliza nani alimshonea."

Baada ya Jumapili ya nne alikuwa amenasa, ingawa hakukiri. Kila Alhamisi alianza kumuuliza binti, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama wiki hii ana zamu. Zaidi ya wote alimpenda daktari, mwanamke mmoja ndani ya hadithi ile aliyeijua siri ya shujaa. Daktari alimshona majeraha kwenye chumba cha nyuma cha zahanati, na suti akaishona vilevile. "Huyu ana mkono," Pima-Tena alisema, na ujue kwamba sifa hiyo hajawahi kumpa fundi yeyote aliye hai.

Sasa ngoja nikwambie la fundi vioo. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, limetazamana na la Pima-Tena. Alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Pima-Tena alifiwa na mumewe miaka kumi na mmoja. Kila siku saa kumi fundi vioo huvuka na vikombe viwili vya chai, wanakunywa, wanawasema wapita njia, anarudi kwake. Wanaitana "fundi", yeye na yeye, na ukiwasikia huwezi kujua ni yupi anamwita mwenzake.

Miezi mitatu iliyopita alivuka bila vikombe. Hakukaa. Alisema mwenye jengo analitaka jengo lake, na kaka yake aliye mji mwingine, safari ya saa mbili, amemtafutia chumba cha kuishi chenye nafasi ya karakana.

"Mimi ningependa kubaki hapa, fundi," alisema. "Lakini nibaki nikiwa na sababu. Ukikubali tuoane, nitatafuta pa kufanyia kazi hapahapa. Ukikataa nitaenda, na hatutagombana."

"Nipe muda nifikirie," akajibu Pima-Tena.

Na alikuwa akifikiria kweli. Alimpenda. Akisikia komeo la duka lile likifunguliwa asubuhi, moyo ulimruka kama wa msichana. Ila kila akitaka kusema ndiyo, swali lingine lilichomoza. Wataishi kwake au kwa nani? Binti atasemaje? Ndugu wa marehemu je? Mwanamume yule anakoroma? Baada ya mwezi fundi vioo aliuliza tena, akaambiwa bado. Hakuuliza mara ya tatu. Chai iliendelea kuja saa kumi, na Pima-Tena, masikini, akaridhika kwamba amepata mtu mwenye subira.

Basi Jumapili iliyopita, katika gemu, daktari alimkalisha shujaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akamaliza kumshona bega, akaweka sindano chini. Alimwambia ameitwa kazini mbali. Akamuuliza: "Nibaki, au niende?"

Binti akasoma majibu. Baki. Nenda, utakuwa salama. Sijui.

"Akibaki atakaa wapi?" aliuliza mama.

"Mama, chagua."

"Nauliza tu. Huyu mwanamume hana hata chumba. Na wazazi wa huyo daktari wanajua habari hizi?"

Kijistari kikaisha. Shujaa alimtazama daktari bila kusema kitu. Daktari alingoja kidogo, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa, akavua glavu, akachukua mkoba, akatoka. Chini ya kioo yakatokea maneno machache, na binti akayasoma kama alivyosoma mengine yote: "Umechagua kunyamaza."

Pima-Tena akasimama. "Sijachagua kitu mimi. Mrudishe. Nilikuwa nafikiria."

"Yeye atajuaje kama unafikiria?" binti alisema, huku akimenya karanga. "Yeye kaona mtu aliyeulizwa akakaa kimya. Kachukua jibu lake kaondoka."

Alikuwa akizungumzia gemu tu, mtoto wa watu. Hakumwangalia hata usoni. Lakini mama yake alikaa chini polepole, akauliza kama inawezekana kurudi nyuma. Binti akasema inabidi kurudia sura nzima. Wakarudia, dakika arobaini, jengo likaanguka upya, na hakuna aliyesema neno kuhusu kwapa. Daktari alipofika kwenye swali lake, hata kabla binti hajamaliza kusoma, mama akamshika mkono. "Baki. Mwambie abaki."

Daktari alitabasamu, machozi yakamlengalenga, akasema angetamani, lakini ameshawapa neno lake wale waliomwita. Akamkumbatia shujaa, akachukua mkoba, akatoka.

"Kumbe anaondoka tu?"

"Vyovyote utakavyojibu anaondoka. Ila huyu ukimpigia simu sura ijayo anapokea. Yule wa kwanza hapokei."

Pima-Tena akavaa kandambili, moja ya kwake na moja ya binti, akatoka nje.

Duka la fundi vioo lilikuwa wazi siku ya Jumapili. Vioo vilisimama ukutani vimezungushiwa mablanketi na kufungwa kamba. Wiki nzima aliyaona mablanketi yale kutoka dirishani kwake na kujiambia kwamba mwenzake anafanya usafi. Fundi vioo alikuwa amepiga goti, anakaza fundo.

"Karibu, fundi."

"Nakubali," alisema Pima-Tena. Hata salamu hakutoa.

Fundi vioo aliiachia kamba. Alivuta kreti akakalia, akajifuta mikono kwenye suruali, kwanza mmoja, kisha mwingine.

"Nimeshakubali kile chumba, fundi. Juzi. Cha mwaka mzima. Nimemwahidi mwenye nyumba, na kaka yangu kashapeleka meza ya kukatia." Akaitazama kamba sakafuni. "Nilidhani umenijibu."

"Sikukujibu."

"Miezi mitatu. Nikasema huyu hataki kuniumiza, basi nisimsumbue."

Aibu ilimpanda Pima-Tena mpaka masikioni. Alitaka kukasirika na hakuona wa kumkasirikia isipokuwa mwenyewe. "Nilikuwa nakupenda muda wote huo," alisema. "Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

Barabarani mtu alipita akisukuma baiskeli mbovu, ikilia kwi, kwi, kwi, mpaka ikapotea. Pima-Tena alitazama ukuta uliokuwa na meza, sasa mtupu. Aliwafikiria wateja wake wa miaka thelathini, watakavyolalamika kisha watapanda gari na kumfuata, au hawatamfuata. Alimfikiria binti, ambaye hatimaye atapata kochi lote peke yake. Maswali yalikuwepo yote, yamejipanga kama kawaida yao, na hakuna hata moja lililokuwa na jibu.

"Hicho chumba cha huko," alisema, "kina dirisha linalopata jua la asubuhi?"

"Lipo. Dogo. Kwa nini?"

"Siwezi kushona gizani."

Fundi vioo alianza kusema kwamba dirisha dogo si tatizo, kwamba ukuta unatobolewa, kwamba wiki ijayo tu angeweza kuweka kioo kipana kiasi gani, na katikati ya maneno hayo akaanza kulia, mtu mzima yule, ameshikilia ncha ya blanketi. Pima-Tena hakumbembeleza. Alimwambia asogee, akakaa kando yake kwenye kreti.