Kisu Kisicholia

Kisu cha Papa Maliki kilikuwa kimefikia hatua ya kufunguliwa kwa meno, na jambo hilo lilimharibia siku kabla hajaonja chai. Kilikuwa kisu cha kukunja, cha mfukoni, chenye mpini mwembamba wa pembe, alichoachiwa na baba yake. Kwenye ubapa kulikuwa na mfuo mdogo wa kutia ukucha wa kidole gumba ili uvute makali yatoke. Yatoke kwa nguvu za nani? Viungo vya vidole vya Maliki vilikuwa vimevimba kama tangawizi, na kile kidole gumba cha kulia kilikuwa kimegeuka mgeni mjeuri, ukikiita hakiji na ukikiacha kinauma.

Maimouna, mkewe, alimkuta mlangoni asubuhi hiyo ameuma kisu, shingo imemkakamaa.

"Utabakia kibogoyo, muzee," alisema. "Halafu utafungua na nini? Na masikio?"

"Niache."

"Nikuache ukate mudomo, nani atakupa uji?"

Maliki alikitema kisu mapajani na kukitukana, kisha akaitukana baridi ya ziwa, na maji yake yaliyopanda na kuwatoa kwenye nyumba yao ya chini ufukoni, yakawaleta huku kwenye vyumba viwili vyenye unyevu. Vidole vyake hakuvitukana kwa sauti. Hivyo alivitukana moyoni, kila saa.

Ungemwambia anunue kisu cha jikoni, kisichokunjwa, yaishe. Watu walimwambia, na kila aliyemwambia alipata makali ya ulimi. Kataki ni mtaa wa watu wa dini zote, na Mkristo mwenye karamu huita Mwislamu amchinjie kuku, ili majirani wote wachote sufuria moja bila kuulizana. Kazi hiyo ilikuwa ya nyumba ya Maliki tangu enzi za baba yake. Hakuna aliyemlipa, naye hakutaka kulipwa. Na nyumba hiyo ilikuwa na utaratibu wake: mnyama haoni kisu. Maimouna huketi mbele, ameshika mabawa na miguu. Maliki humshika kuku kichwa kwa mkono wa kushoto, akimpapasa na kumnong'oneza, na mkono wa kulia uko nyuma ya mgongo ukifungua kisu polepole, bila mlio wowote. Kuku anakwenda hajapata habari. Tena unakata mara moja, huinui mkono. Ukiinua kabla hujamaliza, kuku huyo haliwi na Waislamu, hata kama hakuna aliyekuona. Kuchinja na kisu cha jikoni kinachometameta mbele ya macho ya kiumbe, Maliki aliita ushenzi.

Asubuhi hiyohiyo, kisu kikiwa bado mapajani, aliingia Mama Odile, jirani yao muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, akiwa na mfuko wa sukari mkononi. Alisalimia kwa urefu usio wa kawaida yake, na Maliki akaanza kumtilia shaka.

"Papa Maliki, Laure yangu anaolewa Jumamosi. Feti ya arusi itafanyika kwetu."

"Alhamdulillahi. Kuku wako tayari?"

"Wako tayari." Mama Odile aliitazama sukari. "Lakini nilisema, Papa apumuzike sasa. Mahmoudi wa kwenye bucheri atakuja kuchinja. Siku ile ya matanga nilikuona, Papa. Ulifungua kisu na meno. Wageni wa upande wa bwana wanatoka Manono, hawatujue. Watasema tunatesa muzee."

Kuna maneno ambayo watu hudhani ni asali kumbe ni pilipili, na "pumzika" ndilo la kwanza. Chungu kikipasuka huambiwi kimepumzika, unaambiwa kimetupwa. Damu ilimchemka Maliki hadi masikioni.

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Hapana, Papa, si kuchoka..."

"Baba yangu alichinja kwenye ndoa ya baba yako. Mimi nilichinja kwenye ndoa yako, na kuku ulikula mwenyewe, ukanenepa! Leo unaniletea sukari kama muntu anafukuza muchawi kwa heshima? Beba sukari yako!"

Maimouna alimvuta shati. Mama Odile machozi yalimlengalenga, maana hakuja kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuudhi Maliki zaidi. Adui ungemjua pa kumpiga.

"Sikia," Maliki alisema mwishowe. "Mbele ya Jumamosi nitakuja kwako. Nikifungua kisu na mukono moja, nyuma ya mugongo, na usisikie kitu, nachinja mimi. Nikishindwa, mwite Mahmoudi wako."

"Ni sawa, Papa," alisema Mama Odile, akaondoka. Sukari aliiacha, na Maimouna akaificha haraka kabla haijarushwa uani.

Maliki alikwenda sokoni siku hiyohiyo, akitembea kwa hasira zinazomfanya mtu asione madimbwi. Visu vilikuwa kwa Jovial, kijana mwenye maneno kama redio, aliyetandaza turubai juu ya meza na kupanga tochi, kufuli, chaja na visu vya kukunja vilivyovuka ziwa kutoka Kigoma.

"Kisu hii njo ya kisasa, Papa. Angalia!" Jovial alibonyeza kitufe, na makali yakaruka nje. Paa!

Maliki alishtuka. "Kuku atasikia mpaka Moba."

"Kuku?"

"Ndiyo, kuku. Ulifikiri nataka kisu ya kuua muntu?"

Alikijaribu hata hivyo. Kilipofyatuka kilimponyoka na kuanguka miguuni mwa mama mmoja aliyekuwa akichagua tochi, na mama yule akapiga ukelele. Jovial akatoa kingine. Hiki kilifunguka kwa upole, lakini ili ukikunje ilibidi kidole gumba kisukume bamba la chuma ndani ya mpini, huku kidole chenyewe kimekaa njiani mwa makali. Maliki alisukuma hadi jasho likamtoka, na bamba halikusogea. Cha tatu kilikuwa kizuri, chembamba, kimenakshiwa. Alipokishika, vidole vyake havikuweza kujikunja kiasi cha kukizunguka, kikawa kinacheza mkononi.

Kila mara Jovial alikichukua, akakifungua na kukifunga kama mtu anayepepesa jicho. "Ona! Ni kirahisi kabisa, Papa."

"Kwako."

"Basi nunua hii muzuri. Mutoto wako atakuwa anakufungulia."

Hapo ndipo Maliki alipolipuka, na soko likageuka kumtazama.

"Weye unafungua kisu na mikono ya kijana, halafu unaniambia ni kirahisi! Nenda ulete mikono yangu hii, uivae, ulale nayo na baridi, uamuke nayo, kisha uje uniambie kisu gani ni kirahisi! Kila muntu anauzia vijana. Kiatu ya vijana, simu ya vijana, hata kisu! Wazee wanakata vitu na nini, na dua?"

Watu walicheka. Jovial hakucheka. Alivisukuma visu vyote mbele yake. "Chagua mwenyewe, Papa. Na pole."

Maliki alifumba macho, akaweka mkono nyuma, akaanza kujaribu kimoja kimoja, watu wakisema mzee karukwa na akili. Kingine kilikaza, kingine kikalia, kingine kikamng'ata kidole. Chini kabisa ya lundo akagusa mpini wa mti, mnene kama gunzi la mhindi, uliochakaa. Kwenye makali ya kisu hicho hakukuwa na mfuo wa ukucha. Palikuwa na tundu pana, ambamo nyama ya kidole chochote huingia. Hakuhitaji kidole gumba. Alitumia cha shahada, na makali yakateremka yenyewe kwa uzito wake, taratibu, yakakaa mahali pake kimya kabisa. Kukikunja, ulikandamiza mgongo wa mpini kwa kiganja, basi.

Alifumbua macho. Kilikuwa kisu kibaya kwa sura, hakuna asiyeona.

"Ile? Ile iko mubaya, Papa. Hakuna mwenye anaitaka."

"Mubaya ni weye," alisema Maliki. Akalipa, akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa karibu kutabasamu, ila alijizuia.

Maimouna alikipokea kisu bila kukisifu. Alikata ukanda wa mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, akauzungushia mpini usiteleze. Kisha akatoa jiwe, akakaa kukinoa, kama alivyonoa kile cha zamani tangu alipoolewa. Alipomaliza alikikunja, akapeleka mkono nyuma ya mgongo chini ya kitenge, akautoa ukiwa na kisu wazi. Hakikulia. Akakikunja tena na kukiweka chini mbele ya mumewe, kwa kuwa katika nyumba hiyo kisu hakipokezwi mkono kwa mkono. Maliki hakuona kitu. Alikuwa anavitazama vidole vyake na kuvilaani.

Jioni alikwenda kwa Mama Odile, akasimama mbele yake, mkono nyuma. Mama Odile alitega sikio.

"Unangoja nini, Papa? Fungua."

Maliki alileta mkono mbele, na kisu kilikuwa wazi. Mama Odile alicheka hadi akashika mbavu, akasema basi, kazi ni ya Papa. Ila alikuwa amekwisha kumwita Mahmoudi, naye angekuja hata hivyo, kusaidia tu. Lile "kusaidia tu" Maliki alirudi nalo nyumbani kama mwiba.

Jumamosi kulipambazuka na manyunyu na upepo wa ziwa, baridi ile inayoingia mifupani bila kubisha. Maliki aliamka mikono imekuwa mbao. Maimouna alimkanda kwa maji ya moto. Uani kwa Mama Odile kuku walikuwa ndani ya tenga, wanawake wakichemsha maji, wageni wa Manono wakinywa chai, na Mahmoudi amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kisu chake kirefu cha bucheri kimelala magotini.

Kuku wa kwanza alikwenda vizuri, wa pili vilevile. Minong'ono ikakoma na wanawake wakarudi kwenye vyungu vyao. Maliki alipofikia kuku mwekundu, jogoo mwenye nguvu, alifungua kisu nyuma ya mgongo bila tabu, akaleta mkono, akataja jina la Mungu, akakata. Katikati ya kukata vidole vikafunguka vyenyewe. Hata kuuma havikuuma. Vilifunguka tu, kama vya mtu aliyelala. Mkono uliinuka, jogoo akajirusha, akakiona kisu, akamwona Maliki. Maliki alikamata mpini kwa mikono miwili na kummaliza haraka asiteseke.

Hakuna aliyejua isipokuwa Maimouna, aliyekuwa ameshika mabawa. Mama Odile alikuwa akipuliza moto. Ilitosha kumtupa jogoo kwenye beseni pamoja na wenzake na kunyamaza.

"Huyu si wa sufuria yetu," Maliki alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wageni. "Nimeinua mukono. Mumuweke kando."

Maliki alikitazama kisu kwa chuki, akitafuta pa kukilaumu. Mpini ulikuwa mnene, tundu pana, makali kama wembe. Kisu hakikuwa na kosa. Hilo ndilo lilimuuma kuliko baridi yote ya ziwa, kukosa wa kumtukana.

Mahmoudi alisimama, kisu chake kirefu kinang'aa hewani, na kuku waliobaki tengani wakaanza kupiga makelele. "Pumuzika, Papa," alisema.

"Kaa!" Maliki alinguruma. Akakikunja kile kisu kibaya kwa kiganja, akakiweka chini, mbele ya Maimouna. "Kamata, mama."

Mahmoudi akacheka. "Mwanamuke achinje?"

"Weye ulisoma chuo ya Kurani na mimi nilisoma. Inakatazwa wapi? Nionyeshe."

Mahmoudi akarudi kwenye kiti chake.

Lakini Maimouna hakukiokota. Alikuwa amekitazama kisu huku kifua kikipanda na kushuka, na Maliki akatambua, kwa kuchelewa, kwamba hasira uani pale haikuwa yake peke yake.

"Ulizunguka soko muzima kutafuta kisu ya mikono yako," alisema Maimouna, polepole. "Ukagombana na vijana, ukafumba macho mbele ya watu. Hii mikono yangu haukuiona? Iko mbele yako kila siku, inashika mabawa. Nanoa mimi. Nafunga mupini mimi. Unashindwa, ndiyo unaniona?"

Maliki aliitazama mikono ya mkewe.

"Toka hapo," Maimouna alisema. "Shika mabawa."

Maliki alijivuta, akakaa mahali pa mkewe. Kwa vidole vilivyokakamaa bado aliweza kubana mabawa ya kuku mweupe kifuani, na kuku akatulia. Maimouna alimshika kichwa kwa mkono wa kushoto, akamnong'oneza maneno ambayo Maliki alidhani ni yake na baba yake tu. Mkono wa kulia ukaenda nyuma, chini ya kitenge. Maliki alitega sikio kwa uchungu wote aliokuwa nao, asikie walau mlio mdogo, apate kosa la kumgombeza nalo.

Hakusikia kitu. Kuku naye hakusikia.