Ukurasa wa Fairuz

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, alasiri ikishaswaliwa, wageni wanne hupanda ngazi za nyumba ya Bi Mwanakuu huko Kibokoni kwenda kuusema mwezi. Ndivyo wanavyokiita wenyewe kikao chao. Kila mmoja hueleza alichoandika tangu walipoagana: riwaya imefika sura ya ngapi, hadithi gani imetumwa wapi, na ipi imerudi. Bi Mwanakuu, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mitatu kabla ya kustaafu, hakubali jibu la "naendelea". Ataka kurasa.

Dama Kiti ndiye aliyekuwa mwenye haya kuliko wote. Alikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, mwenye shahada ya fasihi na chumba cha kupanga Tononoka ambamo vitabu vilikuwa vingi kuliko vyombo. Mbele ya watu sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kwa miaka mitatu hakukosa Jumamosi hata moja. Ofisini alikuwa mtu wa stakabadhi. Kibokoni alikuwa mwandishi, tena yule ambaye wenzake walitazamia kitabu kitoke kwake kwanza. Kisha akaja Fairuz.

Fairuz alikuwa akiuza viatu vya kike katika duka la shangazi yake. Chuo kikuu alikijua kwa nje. Riwaya yake aliiandika kwenye simu, mteja akijaribu kiatu cha kushoto huku cha kulia kikitafutwa. Mwezi wake wa kwanza alisema, "Sura mbili, Mwalimu." Wa pili, nne. Wa tatu aliomba radhi: alikuwa na arusi ya dadake, kaandika moja tu. Dama alizishika hesabu hizo kuliko zake mwenyewe.

Tena hakuishia hapo. Jioni akitoka kazini alifungua simu kutazama kama Fairuz yuko mtandaoni. Akimkuta, moyo ulitulia: basi haandiki. Asipomkuta, aliisukuma sahani kando: sasa hivi anaandika, na anaandika vizuri. Siku moja Fairuz hakuonekana kutwa nzima. Dama akaandika sentensi moja, akaifuta. Kesho yake akasikia kwamba mwenzake alikuwa ameng'olewa jino na uso umevimba. Aliona haya kwa furaha iliyomjia, lakini ilikuwa imeshamjia.

Mwezi huu Bi Mwanakuu alikuwa na habari. Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mhariri wa vitabu Nairobi, angekuja Mombasa Jumatatu, na alikuwa amekubali kupokea riwaya moja kutoka kikaoni, sura tatu za mwanzo.

"Moja," alisema, akiinua kidole. "Nikimpa mbili hatasoma hata moja. Namjua, mimi ndiye niliyemfundisha. Haya, Dama, useme mwezi."

Dama alifungua daftari. "Riwaya, sura ya saba imekwisha. Hadithi fupi mbili: moja imerudishwa, ya pili sijajibiwa. Mchezo wa redio uko sehemu ya tatu. Na kile kitabu cha watoto... nimebadilisha jina."

"Jina tena?" Crispus, karani wa reli aliyekuja pwani kutoka Bungoma na kunogewa na mashairi, aliweka kikombe chini. "Dada Dama, wewe una miradi kama serikali ya kaunti. Mawe ya msingi kila mahali, jengo hakuna."

Athmani, fundi cherehani wa Majengo, nusura kahawa imtoke puani. "Mwache, bwana! Wewe mwezi mzima umetuletea beti nane."

"Beti nane zilizokamilika!"

"Fairuz?" aliuliza Bi Mwanakuu.

"Riwaya imekwisha, Mwalimu. Jana."

Wakapiga makofi. Dama naye akapiga, akihisi viganja vyake kama vya mtu mwingine. Miaka mitatu yeye. Miezi saba huyu.

Crispus hakuwa na riwaya, na Athmani alikuwa na hadithi za upelelezi ambamo mwizi hajapata kukamatwa. Kwa hiyo walioshindania bahasha ya kwenda kwa mhariri Jumatatu walikuwa wawili, na waamuzi watatu. Kila mmoja wa hao wawili alikuwa ameleta ukurasa mmoja usomwe.

Kikao kile kina desturi moja ambayo wageni huistaajabia: mwandishi hasomi kazi yake. "Ukijisomea mwenyewe waitia chumvi kwa sauti," husema Bi Mwanakuu. "Mnunuzi wako hatakuwa nawe chumbani." Ukurasa hupewa mwingine, na mwenyewe hukaa kimya asikilize. Siku hiyo, kwa kuwa mashindano yalikuwa ya wawili, wakabadilishana.

Dama aliupitisha macho ukurasa wa Fairuz kabla ya kufungua kinywa. Ndugu wawili wamegawana nyumba ya marehemu baba yao, wakagombana kwa ajili ya ngazi. Mke wa ndugu wa juu hataki tena kupita mlangoni pa wenzake, basi hushusha kikapu dirishani kwa kamba, muuza mboga atie. Kikapu hupita mbele ya dirisha la mke wa chini. Kila siku mke wa chini hukitazama kikipanda, akajua wa juu watakula nini, akajua na siku watakayolala bila mchuzi. Asubuhi moja, baada ya kumsikia mtoto wa juu akikohoa, ananyoosha mkono dirishani na kutia ndimu tatu.

Vikapu vile Dama alikuwa ameviona mara mia katika vichochoro vya Kibokoni. Hakuwahi kuona kitu ndani yake ila vitunguu.

Akasoma. Hakukosea hata neno, maana kukosea kungeonekana. Alisoma kama asomavyo orodha za mizigo ofisini, kontena baada ya kontena, sauti sawa toka juu hadi chini. Aliruka mikato, akavuta pumzi pasipostahili, na zile ndimu tatu akazitaja kama vipuri vya gari. Athmani alikuna ndevu. Crispus alijiongezea kaimati sahanini. Ukurasa ukaisha bila mtu kujua kwamba umeisha.

Zamu ya Fairuz. Ukurasa wa Dama ulihusu kontena la vitabu vya shule lililokwama bandarini miaka mitatu, na karani anayepita hapo kila asubuhi. Fairuz alisoma taratibu. Alipofika pale karani anapolisalimu kontena kwa namba yake, alinyamaza kidogo kabla ya namba, na Athmani akaangua kicheko. Dama hakuwa amejua kwamba pale panachekesha. Aliusikia ukurasa wake ukiwa mzuri kuliko alivyouandika, na badala ya kushukuru akapata kijicho kipya: hata maneno yangu yampenda yeye.

"Anayemtaka Dama?" aliuliza Bi Mwanakuu.

Athmani aliinua mkono, na Crispus. Bi Mwanakuu hakuinua wake. Alimtazama Dama, akasema, "Wawili watosha," akavuta bahasha na kuandika jina.

"Hongera, dadangu," Fairuz alisema, akamkumbatia kweli, si kwa ajili ya watu. "Hebu nipe karatasi yangu." Akaiweka gotini, akatoa kalamu mkobani, akapiga mstari juu ya zile ndimu. Akapanda kwenye sentensi ya juu yake.

"Wafanya nini?" aliuliza Dama.

"Naitoa hii. Nimeisikia ulipokuwa ukisoma, imelala tu. Na mimi nilivyokuwa nikiiringia!" Akajicheka. "Kitabu chote nilikianzia hapa, wajua? Kwenye kikapu. Itabidi nikifumue."

Dama alikuwa na yote aliyoyataka. Bahasha ilikuwa na jina lake, Jumatatu ilikuwa yake, na sasa Fairuz mwenyewe alikuwa anakitoboa jicho kitabu chake. Kilichotakiwa kwake ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuweza maisha yake yote. Lakini kalamu ilikuwa inakaribia mkono wa mke wa chini unaponyooka dirishani. Sentensi ile Dama angeitolea mwaka mzima wa kazi yake. Alikuwa amekichukia kikapu kwa sababu si yeye aliyekiona, na asingeweza kukichukia hivyo kama kingekuwa kibaya. Kumwona mtu akikifuta kama makosa ya kuandika kulimuuma kuliko kushindwa.

"Usikate!"

Hakuna aliyewahi kuisikia sauti hiyo kwake. Kalamu ya Fairuz ilisimama.

"Nimeusoma vibaya," alisema Dama.

"Hujakosea hata neno," alisema Athmani.

"Nimeusoma vibaya makusudi."

Athmani aliweka kikombe chake chini.

"Kwa nini?" aliuliza Bi Mwanakuu.

"Kwa sababu ni mzuri, Mwalimu."

Bi Mwanakuu hakufoka. Alichukua karatasi gotini kwa Fairuz, akampa Dama. "Usome tena."

Akausoma. Sauti ilikwenda na maneno. Alikiacha kikapu kishuke polepole, akakingoja kwenye dirisha la chini, na alipotia ndimu alizitia moja, kisha moja, kisha moja. Athmani alisema "Ah!" kama mtu aliyeguswa na sindano yake mwenyewe. Crispus alikuwa na kaimati kinywani na hakuitafuna.

Safari hii mikono ya kumtaka Fairuz ilikuwa mitatu. Dama aliitazama mmoja mmoja. Bi Mwanakuu alilikata jina lake kwenye bahasha kwa mstari ulionyooka, akaandika la Fairuz juu yake.

Fairuz hakucheka. "Ningekwenda nyumbani nikaitupa, Dama."

"Najua."

"Wanionea kijicho mimi? Na shahada yako yote?"

"Hasa kwa sababu ya shahada yangu."

Crispus alicheka peke yake, kisha akaona afadhali atafune.

"Jumatatu saa nne," alisema Bi Mwanakuu, "mhariri atakaa kiti kile pale, na atasomewa kwa desturi yetu. Fairuz hasomi kazi yake. Utasoma wewe, Dama. Sura zote tatu."

"Mimi, Mwalimu? Jumatatu nina kazi."

"Omba ruhusa. Leo nimesikia unavyoweza ukitaka."

Fairuz alitoa mkobani furushi la sura zake, akakaa nalo mapajani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe akamkabidhi. "Kajifunze nazo," alisema. "Na usinisomee kama mizigo."

Dama aliaga, akashuka. Kwenye kona ya ngazi palikuwa na dirisha dogo lenye mwanga wa kutosha, na hakuweza kungoja mpaka Tononoka. Alifungua sura ya pili akasoma amesimama, bega ukutani, akiomba kwa moyo wake wote iwe mbaya. Hata sentensi moja tu iliyolegea ingemtosha; angeondoka nayo na kuilamba njia nzima. Alimaliza ukurasa wa kwanza. Juu, wenzake walikuwa wakicheka tena, na sauti ya Fairuz ilikuwemo.

Akamaliza wa pili. Iliyolegea hakuiona.

Akageuza wa tatu, akasogea karibu zaidi na mwanga, bado akiitafuta.